Mcheza Kwao Hutuzwa: Juu ya Mashindano ya Nyimbo baina ya Mataifa

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Methali hii ni fupi, lakini ina maana mbili ambazo hazipatani. Maana ya kwanza ni kuwa mtu achezaye mbele ya jamaa zake hakosi zawadi, hata kama miguu yake ni mizito, kwa kuwa watazamaji walimpenda kabla hajaingia uwanjani. Maana ya pili ni kuwa mtu achezaye ngoma ya kwao huicheza vema kupita mgeni, kwa kuwa aliijua tangu utotoni na mwili wake wote unaifahamu. Kwa hiyo zawadi aipatayo ni haki yake. Katika maana ya kwanza tuzo hutoka katika upendeleo. Katika maana ya pili hutoka katika ustahili. Mashindano ya nyimbo baina ya mataifa, yaonyeshwayo katika televisheni, yamesimama katikati ya maana hizi mbili, na nia ya insha hii ni kuyapima.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa Kisii au Nyamira ana haja gani na mizani hii? Haja anayo. Yeye ni mtazamaji wa mashindano hayo, na mtazamaji huombwa kuwa mwamuzi. Tena, kila mwaka shule yake huenda katika Tamasha la Muziki la Kenya, nako huimba mbele ya waamuzi. Mtu ahukumuye na kuhukumiwa katika jambo moja hana budi kujua hukumu ni kitu gani.

Na tuanze mbali, ili tupate kipimo. Shindano lililo mama wa mashindano haya ni lile la Eurovision, lililofanyika mara ya kwanza Lugano, nchini Uswisi, mwezi wa Mei 1956. Nchi saba zilishindana, na Uswisi yenyewe ikashinda kwa sauti ya Lys Assia. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha miaka kumi na mmoja tu kabla ya hapo, na mataifa yaliyokuwa yakirushiana mabomu sasa yalirushiana nyimbo. Kwa jambo hilo peke yake shindano lile lilistahili kuzaliwa.

Lakini sifa yake kubwa kwa mhakiki ni nyingine. Katika Eurovision kishindanishwacho ni wimbo. Kila nchi huleta wimbo mpya, uliotungwa kwa ajili hiyo, usiozidi dakika tatu. Mwimbaji ni mjumbe. Ujumbe ni ule wimbo. Tena, tangu mwaka 1957, imekatazwa nchi kujipa alama yenyewe. Waliotunga sheria hiyo walikuwa wameielewa vema ile maana ya kwanza ya methali yetu, nao wakaifungia mlango.

Hata hivyo hawakuufunga wote. Nchi jirani zilizoea kupeana alama, na watu waishio ugenini wakawa wakipigia kura nchi walikotoka. Kura za simu zilijaribiwa mwaka 1997 na kuenea mwaka 1998. Manung'uniko yakazidi, hata katika fainali ya mwaka 2009 waamuzi wa kazi wakarudishwa kushiriki nusu kwa nusu na watazamaji. Matokeo ya mwaka 2016 yanafundisha. Waamuzi waliiweka Australia mbele, nchi ambayo haipo hata Ulaya ila ilialikwa. Watazamaji waliiweka Urusi mbele. Lakini Ukraine, iliyokuwa ya pili kwa hawa na ya pili kwa wale, ikawa ya kwanza kwa jumla. Hapo twaona kuwa sikio la fundi na moyo wa umma havisemi neno moja sikuzote, na kuwa hekima huenda ikapatikana pale vinapokaribiana.

Jambo la lugha nalo linatuhusu. Tangu mwaka 1966 sheria ya Eurovision ilitaka kila nchi iimbe kwa lugha yake. Sheria ililegezwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata kundi la ABBA la Uswidi likashinda kwa wimbo wa Kiingereza. Ikarudishwa mwaka 1977, ikafutwa tena mwaka 1999, na toka hapo nyimbo nyingi zikahamia katika Kiingereza, kwa hofu kwamba lugha ndogo haisikiki mbali. Je, hofu hiyo ni ya kweli? Mwaka 2016 Jamala wa Ukraine alishinda kwa wimbo ambao kiitikio chake ni Kitatari cha Krimea, lugha ya watu wachache mno kuliko wasemaji wa Ekegusii, nao ulihusu kuhamishwa kwa nguvu kwa watu wake mwaka 1944. Mwaka 2017 Salvador Sobral aliipa Ureno ushindi wake wa kwanza, baada ya kungoja tangu mwaka 1964, kwa wimbo wa Kireno uliotungwa na dada yake, Luísa. Aliuimba kwa utulivu, pasipo wachezaji na pasipo moto jukwaani. Mamilioni ya watu wasiojua Kireno walinyamaza wakamsikiliza. Kumbe lugha ndogo husikika, ikiwa asemaye ana neno la kusema.

Sasa turudi nyumbani. Afrika Mashariki ilipata shindano lake mwaka 2006, lililoitwa Tusker Project Fame. Vijana walichaguliwa kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, na baadaye Rwanda, Burundi na Sudani Kusini zikaingia. Walikaa pamoja jijini Nairobi katika nyumba iliyoitwa chuo, wakafundishwa kutumia sauti na kusimama jukwaani, na kila juma wakaimba mbele ya waamuzi, miongoni mwao Ian Mbugua wa Kenya, aliyesifika kwa ukali, na mwimbaji Juliana Kanyomozi wa Uganda. Watazamaji walipiga kura kwa ujumbe mfupi wa simu. Shindano lilifanyika mara sita, la mwisho likiwa la mwaka 2013.

Mhakiki wa haki huanza na mazuri. Kwa miaka kadhaa shindano hili lilifanya jambo ambalo mikutano mingi ya viongozi haikulifanya: liliwafanya watu wa Kisii na Kigali, wa Mwanza na Bujumbura, waketi saa ile ile wakitazama vijana wale wale, na kuyajua majina yao kama majina ya watoto wa jirani. Vijana wenye vipawa, ambao wasingejulikana nje ya kwaya za makanisa yao, walipata mafunzo na hadhira. Hayo hayadharauliki.

Wengi walililaumu kwa upande wa kura. Walisema kwamba kila nchi iliupigia bendera yake, na kwamba nchi yenye watu wengi ndiyo itakayoshinda. Lawama hii ina sura ya kweli. Lakini lawama, kama wimbo, haina budi kupimwa. Tazama washindi. Mwaka 2006 alishinda Valerie Kimani wa Kenya. Mwaka 2008 Esther Nabaasa wa Uganda. Mwaka 2009 Alpha Rwirangira wa Rwanda. Mwaka 2010 Davis Ntare wa Uganda. Mwaka 2012 Ruth Matete wa Kenya. Na mwaka 2013 Hope Irakoze wa Burundi. Tanzania, ambayo katika hesabu ya mwaka 2012 ilikuwa na watu karibu milioni 45, haikushinda hata mara moja. Rwanda, yenye watu kama milioni kumi na nusu katika mwaka ule ule, ilishinda. Na Burundi, iliyo ndogo kuliko Rwanda kwa idadi ya watu, ikashinda pia. Kama wingi wa watu ungekuwa ndio ushindi, orodha hii isingeandikwa hivi. Basi hapana budi kukiri kwamba watazamaji wa Afrika Mashariki, pamoja na mapenzi yao ya bendera, walikuwa na masikio.

Haina maana kwamba kura ile haikuwa na kasoro. Kila ujumbe ulilipiwa, na mwenye fedha aliweza kutuma kumi ambapo maskini alituma mmoja au hakutuma. Kura ya namna hiyo haihesabu watu, yahesabu shilingi. Tena shindano lilibeba jina la bia, jambo ambalo mwalimu hawezi kulipita kimya mbele ya wanafunzi. Mfanyabiashara agharimiaye ngoma hutaka uwanja ujae. Kama ngoma ni njema au mbaya, hilo kwake ni jambo la baadaye.

Lakini kasoro kubwa kupita zote haikuwa katika kura, nayo ndiyo ninayotaka msomaji aizingatie. Shindano letu halikushindanisha nyimbo. Lilishindanisha waimbaji. Sehemu kubwa ya nyimbo zilizosikika jukwaani zilikuwa za watu wengine, nyingi za Marekani na Uingereza, nyingine za Afrika, ambazo tayari zilikuwa mashuhuri. Kijana alisifiwa kwa kadiri alivyomkaribia mwenye wimbo, au kwa kadiri alivyothubutu kumwacha kidogo. Bendi ilikuwa tayari na magitaa yake na kinanda chake, na kila sauti, itoke Arusha au Gulu, iliingizwa katika kinu kimoja. Mataifa yalikutana, lakini hayakuleta kitu cha kubadilishana. Ilikuwa kama soko ambako kila mwuzaji amekuja na bidhaa alizonunua katika duka moja, na ushindani uliobaki ni nani azipangaye vizuri mezani.

Tazama tofauti ya mazao. Eurovision, pamoja na makeke yake yote, imeacha nyimbo. Mwaka 1958 Domenico Modugno wa Italia alitoka wa tatu. Lakini wimbo wake ulizunguka dunia nzima, na mwaka 1959 ukapata heshima kuu katika tuzo za kwanza za Grammy huko Marekani, ilhali wimbo wa Ufaransa ulioushinda ni wachache waukumbukao. Waamuzi walikosea, lakini kulikuwa na wimbo, na wimbo ulikata rufani kwa wakati, na wakati ukautolea hukumu nyingine. Shindano letu liliacha nini? Liliacha majina ya waimbaji, na baadhi yao wameendelea kufanya kazi njema. Lakini mwambie kijana wa leo akutajie wimbo mmoja uliozaliwa katika jukwaa lile na kuenea Afrika Mashariki yote, nawe utazame jinsi atakavyokuna kichwa. Palipo na mwimbaji pasipo wimbo, wakati hauna cha kuhukumu.

Shindano lingine lilifuata mwaka 2019, liitwalo East Africa's Got Talent, la nchi nne: Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ndugu wawili wadogo wa Uganda, Esther na Ezekiel Mutesasira, walishinda kwa kuimba. Lakini humo waimbaji waliwekwa pamoja na wacheza sarakasi na wafanya vichekesho, na tukazidi kusogea mbali na wimbo wenyewe.

Sasa na tuulize swali letu la nyumbani. Kama nchi zingeshindanisha nyimbo, na kama Kenya ingeziangalia jamii zake moja moja, Abagusii wangeleta nini? Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa wamezidi milioni mbili na nusu, nao si maskini wa muziki. Wanayo obokano, kinubi kikubwa chenye nyuzi nane, ambacho bakuli lake la mti limewambwa ngozi. Ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na litungu ya Wabukusu, lakini ni mzito kuliko hao. Mpigaji huketi juu ya kigoda, na sauti itokayo ni ya chini, yenye kunguruma, kiasi kwamba msikilizaji huisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Juu ya mngurumo huo mwimbaji husimulia: husifu, huonya, hukumbusha yaliyopita. Wanao pia Esimbore, wimbo wa kuwasindikiza vijana watokao kutahiriwa. Katika karne iliyopita waliongeza magitaa, na Christopher Monyoncho, aliyefariki mwaka 2013, aliimba benga kwa Ekegusii hata akajulikana mbali na milima yetu.

Je, obokano ingepata nafasi gani katika jukwaa lile la Nairobi? Mpigaji wake asingeweza kuimba wimbo wa Marekani ambao kila mtu anaujua. Na hata kama angeweza, asingesifiwa kwa kile akijuacho. Angeshindwa kabla ya kuanza, si kwa sababu muziki wake ni duni, bali kwa sababu shindano halikuuliza swali ambalo yeye ndiye jibu lake. Hilo ndilo jambo zito katika mashindano yote: kabla mwamuzi hajatoa alama, sheria za shindano zimekwisha kuamua ni nani awezaye kushinda.

Kuna mahali ambapo swali hilo huulizwa. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, nalo hushindanisha shule na vyuo toka ngazi ya chini hata ya taifa. Humo kuna madaraja ya nyimbo za kienyeji za jamii mbalimbali, ya ala za asili na ya tungo mpya. Mwanafunzi wa Nyamira huweza kuimba wimbo wa Kimijikenda, na mwanafunzi wa pwani akaimba wa Ekegusii. Lakini jambo bora kuliko yote ni hili: mwamuzi husimama na kueleza. Husema kwamba sauti za chini zilizidiwa, kwamba maneno hayakusikika, kwamba mcheza ngoma alisahau kuwa yumo katika wimbo wa huzuni. Baada ya hapo ndipo hutaja alama. Anayeshindwa huondoka na somo, na aliyeshinda huondoka na onyo. Kura ya simu haitoi sababu. Nayo hukumu isiyo na sababu, hata ikiwa ya kweli, haimfundishi mtu.

Tusilifanye tamasha letu kuwa pepo, hata hivyo. Nalo lina magonjwa yake. Wimbo uliokuwa ukiimbwa usiku kucha hukatwa ili utoshe katika dakika zilizowekwa. Esimbore, ambayo maana yake yote iko katika vijana wanaosindikizwa, huimbwa jukwaani pasipo kijana yeyote wa kusindikizwa. Hutokea wanafunzi wakafundishwa maneno ya lugha wasiyoijua kama kasuku, wakacheka mahali pa kulia kwa kuwa mwalimu aliwaambia watabasamu ili wapate alama. Na shule ikishaona wimbo fulani umeshinda mwaka huu, mwaka ujao shule kumi huuleta ule ule. Hapo wimbo wa asili nao hugeuka bidhaa ya duka moja, na tumerudi pale tulipolilaumu jukwaa la televisheni. Kuvaa mavazi ya katani hakutoshi kuufanya wimbo kuwa wa kwetu; wa kwetu ni ule ambao aimbaye anajua kwa nini unaimbwa.

Kutokana na hayo naona kwamba shindano jema la nyimbo baina ya mataifa lingehitaji mambo matatu. La kwanza, lishindanishe nyimbo mpya, zenye watunzi wanaotajwa na kuheshimiwa. La pili, kila nchi iwe huru kuleta lugha yake yoyote na ala yake yoyote, wala isilazimishwe kupita katika kinu cha bendi moja. La tatu, kura ya umma iwepo, kwani wimbo ni mali ya umma. Lakini pawe na waamuzi watoao sababu mbele ya watu wote, na hakuna nchi itakayojipa alama. Mambo haya si ndoto. La kwanza na sehemu ya la tatu Ulaya huyafanya; la pili, na mwamuzi aelezaye, hufanyika katika kumbi za shule zetu. Kilichobaki ni mtu wa kuyaweka pamoja.

Lakini mwanafunzi asingoje mtu huyo. Anaposikiliza wimbo, popote atakapousikia, na ajiulize maswali machache. Maneno yake yanasema jambo ambalo lilistahili kusemwa? Sauti na ala zinayabeba maneno hayo, au zinayafunika? Mwimbaji anaelewa anachokiimba? Na ikiwa nimeupenda, nimeupenda wimbo, au nimempenda mtu wa kwetu? Swali la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana majibu yake hayaonekani kwa mtu mwingine. Kijana awezaye kusema, "Huyu ni wa kwetu, lakini yule mgeni ameimba vizuri zaidi, na sababu ni hii na hii," amejifunza kitu kikubwa kuliko muziki. Kesho ataletewa wagombea wa uchaguzi, nao watamwambia wao ni wa kwao. Ataletewa kesi ya jirani na mgeni. Naye atakuwa na mizani mkononi.

Na yule mwingine, apendaye kuimba, ajue kuwa njia ya kuwa na kitu cha kuleta mbele ya mataifa haianzii Nairobi. Yaanzia kwa mzee apigaye obokano ambaye hajaulizwa swali na kijana kwa miaka mingi. Amwendee, amwamkie kwa heshima, akae chini, asikilize, kisha atunge wimbo wake mwenyewe juu ya mambo ya siku zake mwenyewe. Hapo methali ya wahenga itakuwa na maana moja tu, na tuzo, ikija au isije, haitaongeza wala kupunguza uzuri wa alichokiimba.